Mwasumini wa Mama na Jua la Januari



Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Unguja. Anaolewa Mfunguo Mosi, inshallah, na mume wake mtarajiwa ni mtu wa Kisarawe, kwa hiyo atakuwa karibu yangu huku bara. Tulipokwisha kuulizana hali na kuzungumza habari za nguo, singo na wageni, akaniambia, "Mama mdogo, ule mche wa asumini ulionipa umeanza kutoa mizizi chini ya kopo. Nataka niuhamishie kwenye chungu kizuri sasa hivi, ili siku ya kwenda kwa mume wangu uwe umeshachangamka na una maua."

Nikamwambia, "Usiuguse."

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Mche ule una kisa, na kisa chenyewe kina aibu yangu ndani yake. Nimeona nikieleze hapa, maana najua maharusi wengi huhama na mti wa nyumbani kwao, na wengi huuliza swali lilelile: lini?

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikaa Ng'ambo, Unguja. Uwani kwake kulikuwa na mwasumini mmoja uliotambaa mpaka kwenye bati la jiko. Maharusi wa mtaa walifungiwa vikuba kutokana na mti ule. Mama alikuwa akichuma alasiri, vitumba vikiwa vyeupe lakini bado vimefumba, kwa sababu asumini hufunguka usiku. Ukingoja uchume asubuhi zilizokwisha kufunguka, jioni zimeshageuka rangi. Alifunga kwa uzi mweupe, mkilua katikati na rihani pembeni, na kikuba kikishaingia kwenye nywele za biharusi, hata aliye ukumbini alijua kwamba mwali ameshapambwa.

Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka 11. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na muda wote huo hakugusa manukato wala hakuvaa ua. Mwasumini haukujua kuwa kuna msiba, ulichanua vilevile. Kila alasiri alitutuma sisi watoto tuchume, tuwapelekee majirani. Siku eda ilipokwisha alioga, akabadilisha nguo, akatoka uwani akachuma vitumba vitatu akavitia kwenye ushungi wake. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa mlangoni namtazama.

Nilipoolewa, mama alinipa mche aliouotesha kutokana na tawi la mti wake, ukiwa kwenye kopo la samli alilolitoboa chini. Nilivuka nao kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha nikaupakata kwenye basi hadi Ruvu, upande wa Kibaha, mbele kidogo ya Mlandizi. Ilikuwa Januari. Maneno yake ya mwisho bandarini hayakuwa juu ya mume wala juu ya wakwe, hayo tulikuwa tumeshayamaliza. Alisema, "Usiutoe kwenye kopo mpaka mvua za masika zikubali." Nikatii, na mti ukashika.

Mtu akisikia jina la Ruvu hufikiri maji yamejaa mlangoni. Ni kweli mto upo. Unashuka kutoka milima ya Uluguru, na maji yake husafishwa Ruvu Juu, hapo Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, yakaenda kunywewa Dar es Salaam. Lakini sisi tunaokaa juu ya bonde, Januari na Februari tunaona vumbi tu. Vuli limeshapita, masika hayajaja, upepo wa kaskazi unavuma na jua linachoma mpaka alasiri. Hata kuku hujificha chini ya mwembe.

Miaka ikapita. Mama akafariki. Nyumba ya Ng'ambo ikajengwa upya, na mafundi wakaukata mwasumini ili wapitishe ukuta. Hakuna aliyekumbuka kubakisha hata tawi. Kwa hiyo ule wa kwangu wa Ruvu ndio uliobaki katika ukoo mzima.

Mdogo wetu wa mwisho alipochumbiwa, nikahi ikapangwa Shaabani, na mwaka 2025 Shaabani iliangukia Februari. Aliniomba kitu kimoja tu. "Dada, mimi sitaki zawadi. Nataka kikuba cha asumini za mama."

Nilikwenda kuutazama mti wangu. Kusema kweli, nilikuwa nimeusahau. Mizizi ilikuwa imejaa ndoo na kutokeza kwenye matundu, nikimwagilia maji yanapita moja kwa moja kama kwenye chujio, majani ya chini yamekuwa ya njano, na vitumba vilikuwa vichache, vidogo kama punje za mchele. Mti ulikuwa unaomba nafasi. Hilo nilikuwa sahihi. Nilichokosea ni wakati.

Nikaingia kwenye simu kutafuta mafunzo. Nikakuta video ya mtu anayebadilisha chungu cha azalea, mti mdogo wa bonsai, shina nene kama la mti mzee na maua ya waridi yaliyofunika majani yote. Nilivutiwa. Aliutoa mti kwenye kisahani chake, akaichana mizizi kwa chuma kama anayechana nywele, akakata sehemu kubwa, akaurudisha kwenye udongo mpya. Nikajiambia, mti wa mama nao ni mzee wenye shina nene, basi na uingie kwenye kisahani kizuri, upendeze kwenye picha za harusi.

Mama mkwe wangu, ambaye amelima Ruvu maisha yake yote, aliniona nikichota udongo. Akasema, "Mwanangu, ngoja mvua ya kwanza. Mti hauhamishwi na jua hili."

Nami, kwa kuwa nilitaka kushinda, nikamletea dini. Nikamkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Nikasema, "Sasa mama, kama hata siku hiyo tusingoje, mimi ningoje nini?"

Akanitazama, akasema taratibu, "Kiyama hakijaja, mwanangu. Hii ni Januari tu."

Sikumsikiliza. Saa sita mchana nikautoa mti kwenye ndoo. Nikakata theluthi ya mizizi kama nilivyoona kwenye simu. Nikaupanda kwenye chungu kifupi nilichonunua kando ya Barabara ya Morogoro, nikaujazia udongo mweusi wa bondeni, ule wa mashamba ya mpunga, nikiamini weusi ndio rutuba. Kisha nikauweka barazani penye jua, ili uchanue upesi.

Siku ya tatu majani yalilegea. Siku ya saba yakaanza kupukutika. Nikamwagilia zaidi, na ule udongo mweusi ukashika maji kama tope, kisha ukakauka na kupasuka ukikata hata mizizi midogo iliyobaki. Siku ya kumi mti ulikuwa vijiti vitupu. Nilikaa barazani nikalia kama siku tuliyomzika mama, maana nilijiona nimekizika kitu chake cha mwisho kwa mikono yangu.

Mama mkwe hakusema, "Nilikwambia." Alibeba kile chungu akakipeleka chini ya mwembe, akakiezekea kijibanda cha makuti. Kisha akachukua kisu, akatafuta vijiti ambavyo ukivikwaruza ganda ndani bado ni kijani. Alipata vitano. Akavichomeka kwenye mchanga wa mto uliolowa, akafunika kwa mfuko wa nailoni uliotobolewa, akaweka kivulini. "Sasa tumwachie Mungu," akasema, "na wewe usije hapa kila saa kuvuta vuta."

Kumpigia simu mdogo wangu kulikuwa kugumu kuliko yote. Nilimwambia ukweli, kwamba asumini za mama hazipo, na kwamba ni mimi niliyeziharibu kwa haraka yangu. Alinyamaza, kisha akakata simu. Siku mbili hakupokea. Siku ya tatu akatuma ujumbe mfupi: "Njoo wewe. Asumini tutanunua."

Tulizinunua sokoni Darajani, pamoja na mkilua na rihani. Alasiri ile nilikaa kwenye mkeka na mwali wetu, somo wake pembeni anafukiza udi, nikaanza kufunga. Mkilua katikati, vitumba vilivyofumba tu, rihani pembeni, uzi mweupe. Mdogo wangu alikuwa na miaka michache sana mama alipokuwa akiwafungia maharusi wa mtaa, hakuwahi kujifunza. Akaniuliza, "Mama alikuwa anafunga hivi?" Nikamwambia ndiyo, na kwa nini havichumwi vilivyofunguka. Akasema, "Nifundishe." Kikuba cha pili alikifunga yeye mwenyewe, kikapinda upande mmoja, na hicho ndicho alichokivaa.

Nilirudi Ruvu nikiwa nimeshakata tamaa na mti. Ramadhani ikaingia Machi. Usiku mmoja katika kumi la mwisho, mvua ikiwa imenyesha tangu magharibi, tuliporudi kutoka kuswali tarawehe mama mkwe alikwenda chini ya mwembe na tochi. Akaniita. Kwenye kile kisiki, karibu kabisa na udongo, yalikuwa yametoka machipukizi mawili, kila moja halizidi ukucha. Na kati ya vile vipandikizi vitano vya mchangani, vinne vilikuwa vimekauka, kimoja kilikuwa na jani jipya.

Kile kimoja ndicho nilichompa binti wa dada yangu. Sasa mnaelewa kwa nini nilimwambia asiuguse.

Baadaye nilirudi kusoma habari za ile azalea, kwa utulivu, bila harusi kichwani. Nikagundua kwamba yule mtu wa kwenye video hakuwa amekosea, ila alikuwa anazungumza na mti wake, si na wangu. Azalea ni ua la nchi zenye baridi. Wajapani wana aina moja wanayoikuza sana kwa bonsai, wanaiita satsuki, jina la mwezi wa tano katika kalenda yao ya zamani, kwa sababu huchanua majira hayo. Wengi huibadilisha chungu mara tu maua yanapokwisha, kabla haijaanza kutengeneza vitumba vya mwaka unaofuata. Wengine huwahi baridi inapokwisha, kabla haijaamka. Inaufaa mti ule kwa sababu wakati wa baridi kweli hulala.

Asumini yetu hailali hivyo. Maua yake hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo wakati wake mzuri ni pale inapokaribia kuchipua kwa nguvu na maji yapo ya kutosha, nako kwetu ni mvua zinapoanza. Januari haikuwa imelala, ilikuwa ina kiu, nami nikaikata mdomo.

Jambo jingine nililojifunza ni hili la kalenda. Harusi zetu tunazipanga kwa mwezi mwandamo. Tunasema Shaabani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Tatu. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Shaabani ya mwaka huu haikai pale ilipokuwa Shaabani ya miaka kumi iliyopita. Mvua hazifuati mwezi mwandamo. Wazee wetu wa mwambao walilijua hili, ndiyo maana pamoja na kalenda ya ibada walikuwa na hesabu ya Nairuzi, wakihesabu siku za mwaka wa jua kwa makumi, wanayaita miongo, kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini. Makunduchi bado wanauoga mwaka kila Julai. Bibi zetu hawakuona tabu kuwa na hesabu mbili, moja ya swala, saumu na eda, nyingine ya mbegu na upepo. Mimi nililazimisha mti wa mama ufuate tarehe ya kadi ya mwaliko.

Basi mwanangu, na wote mnaotaka kuhama na mti wa nyumbani, jibu langu ni hili.

Usibadilishe chungu kati ya Januari na Februari, na usibadilishe Julai na Agosti upepo wa kusi unapokausha ardhi. Wakati bora ni masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, baada ya mvua mbili tatu za kweli. Ukikosa, ngoja vuli, Oktoba au Novemba. Mti uliobanwa kwenye kopo unaweza kuvumilia miezi miwili. Uweke kivulini mchana, mwagilia asubuhi na jioni, basi.

Ukihama nyumba, hama nao kwenye kopo lake lilelile. Ukifika, uache wiki mbili uzoee jua na upepo wa hapo ndipo uubadilishe. Mfunguo Mosi wa harusi yako unaangukia masika yanapoanza, kwa hiyo wewe una bahati, mvua itakukuta Kisarawe. Lakini usifanye siku ya kufika.

Siku yenyewe, mwagilia jana yake jioni ili mizizi ishikane na udongo. Fanya baada ya alasiri, au siku ya mawingu. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa inchi mbili tu, na kiwe na matundu. Udongo changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa na moja ya mchanga wa mto. Udongo mweusi wa bondeni uwaachie wenye mpunga. Mizizi usiichane, ilegeze kwa vidole tu, na ukate iliyooza peke yake. Matawi yapunguze kidogo, kwa sababu maua yatakuja kwenye machipukizi mapya. Kisha kivulini wiki mbili, na mbolea usitie mpaka uone majani mapya.

Na kama maua hayatakuwahi siku yako, nunua sokoni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayepewa rihani asikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Hakutuuliza imetoka uwani kwa nani.

Kile kisiki cha mama nilikihamisha Aprili, kwa udongo niliowaeleza, na mama mkwe ndiye aliyeshika chungu. Oktoba kilitoa vitumba vitano. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutusalimia. Tulingoja alasiri, tukavichuma, vitatu tukampa mama mkwe, viwili akavaa yeye.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu, na atujaalie subira ya kungoja mvua. Amin.

Wabillahi tawfiq.